Fundo la Bi Sada

Nyumba nzima ilikwisha kuikubali safari ya Jinja isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo, bahati mbaya, ndiye mama.

Khalidi, baba mtu, dereva wa malori, alipigiwa simu akiwa Kahama. Akasema, "Mimi sina neno, muulizeni mama yenu," kisha akakata upesi asije akaulizwa la pili. Mjomba Jumbe, mdogo wake Bi Sada, alisema waacheni vijana watembee, miguu haikuumbwa ili iwekwe kabatini. Hata Paskazia jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitia kauli yake kuwa ameafiki. Bi Sada peke yake, nyuma ya cherehani yake pale barazani Pasiansi, Mwanza, alisema hapana. Na mtaa mzima unajua kuwa hapana ya Bi Sada haina kiraka.

Safari yenyewe ilikuwa ya binti yake Najat na rafiki yake Selina, wasichana wawili waliosoma pamoja na sasa wanaoka keki za harusi pamoja. Walitaka kubeba mabegi mgongoni, wapande basi mpaka Bukoba, wavuke mpaka pale Mutukula, walale Kampala, halafu wafike Jinja, kule mto Nile unakotokea ziwani. Huko kuna watu wanaopandisha wageni kwenye boti ya mpira na kushuka nao kwenye maporomoko. Mnapiga makasia, mnapiga kelele, mnalowa, na pengine mnapinduliwa. Watu wanakuja kutoka Ulaya kwa ajili hiyo, na wanaondoka wakicheka.

"Kwa hiyo," alisema Bi Sada, sindano mdomoni, "mnapanda basi siku nzima na usiku wake, mnavuka nchi, ili mkaangushwe majini. Hapa ziwa si lipo? Njoo nikusukume bure."

"Mama, ni maji yetu haya haya. Yameamua tu kusafiri."

"Basi yasafiri. Wewe baki."

Sasa, kama Najat angekuwa mtoto wa kutoroka dirishani, mambo yangekuwa mepesi. Bi Sada angegomba, angelia, angesamehe, yakaisha. Lakini Najat alisema mbele ya watu kuwa bila radhi ya mama yake havuki hata kizingiti. Akalifunga begi lake, akaliegemeza kando ya mlango, akaendelea kukata vitunguu. Hakununa wala hakujibu vibaya. Ila kile kicheko chake, ambacho Paskazia alikuwa akikisikia mpaka jikoni kwake na kukijibu kwa kicheko chake mwenyewe, kilizimika. Bi Sada alilipita lile begi kila siku akienda msikitini, akalipita tena akirudi, na kila mara moyo ulimuuma kidogo zaidi. Mtoto yuko nyumbani salama, ndiyo, lakini nyumba imepoa. Alimtaka binti yake mzima na alimtaka anayecheka, na hakuona njia ya kuwapata wote wawili.

Msimuone mkaidi bure. Bi Sada ni mzaliwa wa Ukerewe. Alipokuwa mdogo alivuka na mama yake kuja Mwanza kwa mtumbwi, dhoruba ikawakuta katikati, mawimbi yakawa yanaingia na kutoka yapendavyo. Mama yake alivua kanga, akaisokota, akamfunga yule mtoto kiunoni kwenye ubao wa kukalia. Mizigo ilikwenda na maji. Kuku walikwenda na maji. Sada hakwenda popote. Kanga ile anayo mpaka leo, nyekundu iliyopauka, imekunjwa ndani ya sanduku, chini kabisa, pamoja na vipande vya udi. Na tangu siku hiyo hakutia ziwani kitu zaidi ya vidole vya miguu. Amekaa Pasiansi miaka yote, maji anayaona kutoka barazani, anaoga kwa ndoo.

Siku moja, basi, aliinuka kwenye cherehani, akafungua sanduku, akatoka na ile kanga mkononi.

"Najat! Radhi nitatoa. Kwa sharti moja."

Najat alidondosha kisu na kitunguu.

"Ukiingia kwenye hiyo boti yao, utajifunga kwa kanga hii. Fundo nitakufundisha mimi. Hutafungua mpaka ukanyage nchi kavu. Umekubali?"

"Nimekubali, Mama! Nimekubali!" Akamrukia mama yake shingoni, na kile kicheko kikarudi hapo hapo. Paskazia akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta bila kujua kinachochekwa.

Furaha ile ilidumu mpaka jioni. Selina, ambaye ni mtu wa kuuliza kabla ya kwenda, aliwaandikia wale wa Jinja kwenye simu kuwaeleza habari ya kanga. Jibu lilikuja halikuzunguka. Hapana. Kwao mtu hafungwi kwenye boti hata siku moja, iwe kwa kamba, kwa mkanda au kwa kitambaa. Anavaa jaketi okozi na helmeti, anamsikiliza kiongozi, na akianguka anaelea hadi aokotwe. Anayetaka kufungwa abaki ufukweni, atapewa chai.

Selina alisoma kwa sauti ndogo. Bi Sada alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanaachia watoto wa watu waelee kama maganda ya ndizi," alisema. "Basi. Radhi hakuna."

"Mama Najat, wao kazi yao ndiyo hiyo," Selina alijaribu.

"Na mimi kazi yangu ni kuzaa, mwanangu. Nimezaa mmoja."

Hapo ndipo Jumbe alipoingilia. Jumbe ana mitumbwi, mmoja mkubwa wa injini na mwingine mdogo wa makasia, na ana mdomo usiojua kupumzika. Alisema, "Dada, mnabishana kitu ambacho hakuna aliyekiona. Jumamosi asubuhi, ziwa likiwa limelala, njooni. Mto hatuna, lakini tutautengeneza. Badala ya maji kupita kwenye mtumbwi, mtumbwi utapita kwenye maji. Si ni kitu kile kile? Tumfunge Najat tumvute, halafu tumvute hajafungwa. Utaona kwa macho yako, utaamua."

Bi Sada alikubali haraka, maana hakuwa na shaka hata chembe kwamba fundo lingeshinda.

Jumamosi ikafika. Paskazia alikuja ufukweni na chupa ya chai na bakuli la maandazi kana kwamba amealikwa harusini, akachagua jiwe zuri, akakaa. "Mwendelee tu," alisema, "mimi sisumbui mtu."

Najat na Selina walikwisha kuvaa majaketi. Bi Sada aliwatazama kwa jicho la fundi, lile analomtazamia bibi harusi kabla hajamruhusu kutoka. Akamshika Selina jaketi mabegani, akalivuta juu. Likapanda mpaka masikioni.

"Hii ni nini? Hili ni la shangazi yako? Ukiingia majini jaketi linabaki juu, wewe unashuka chini. Kaza!"

"Mama Najat, nitakosa pumzi."

"Utaikosa vizuri zaidi huko chini. Kaza, nimesema."

Jumbe akamwambia dada yake kuwa hilo amesema kweli kabisa, na Bi Sada akavimba kidogo kwa fahari.

Walipanga hivi. Jumbe alikaa kwenye mtumbwi wa injini. Nyuma yake, kwa kamba ndefu, alifunga ule mtumbwi mdogo, ili mtu wa majini awe mbali na mapanga ya injini, ambayo alisema hayamjui mjomba wala mpwa. Kwenye mtumbwi mdogo alikaa Selina wa kutoa ishara, na Bi Sada, amevaa jaketi la tatu juu ya baibui, ameshika ukingo kwa mikono miwili na anasoma kila aya anayoikumbuka. Pochi yake ilikuwa begani. Najat aliingia majini nyuma ya mtumbwi huo. Bi Sada akamfunga mwenyewe, kanga imesokotwa ikawa kamba, upande mmoja kwenye ubao na mwingine kiunoni mwa mtoto, fundo juu ya fundo juu ya fundo, kama alivyofungwa yeye.

"Hapo sasa," alisema. "Hapo hata shetani akivuta hakupati."

Injini ikaunguruma. Mwanzo ilikuwa raha tupu. Mtumbwi ulikwenda taratibu, Najat anaburutwa nyuma anacheka, anampungia Paskazia mkono, na Paskazia anampungia andazi. Bi Sada akageuka kumtazama Selina. "Unaona? Unaona anavyokwenda vizuri? Waambie hao wa Jinja."  Selina alimwashiria Jumbe aongeze, maana mto wenyewe una kasi.

Jumbe akaongeza.

Maji yakaanza kupanda juu ya jaketi. Yakafika kidevuni. Najat akainua uso, akafumba mdomo, na kicheko kikakatika katikati. Kanga ilikaza kama waya. Iliuvuta mwili mbele kutoka kiunoni, na kadiri ilivyovuta ndivyo kichwa kilivyoinamia ndani, na maji yote ya mbele yakawa yanampanda usoni. Jaketi lilitaka kumwinua, fundo likakataa. Mikono yake ilionekana juu, ikashuka kutafuta fundo, haikuliona, ikapanda tena. 

Selina aliinua mkono wote juu. Jumbe akazima injini, mitumbwi ikapoa, kichwa cha Najat kikaibuka. Alikohoa, akatema, akashika ukingo wa mtumbwi.

"Nipo, Mama," alisema. "Nipo. Nimekunywa kidogo tu."

Yote hayo yalikuwa ya muda mfupi, hata Paskazia alikuwa hajamaliza kutafuna. Lakini Bi Sada alikwisha kuinama anahangaika na fundo lake. Lilikuwa limelowa na kukazana, haliingii ukucha. Vidole vilivyoshona nusu ya magauni ya Pasiansi viliteleza juu ya fundo alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe, na fundo halikumjua.

"Basi, dada, basi," alisema Jumbe akiwa anausogeza mtumbwi wake karibu. "Yameisha. Si nimezima injini?"

Bi Sada aliinua uso. "Umezima wewe," alisema. "Na mto, Jumbe? Mto nani atauzima?"



Fundi cherehani hatoki nyumbani bila mkasi. Bi Sada aliuchomoa kwenye pochi, ule mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Mama! Kanga ya Bibi!"

"Tulia nisije nikakukata wewe."

"Mama, usiikate, fundo litalegea tukifika nchi kavu."

"Bibi yako alinifunga ili nisimpotee," alisema Bi Sada, na sasa alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondokea mkasini. "Angekuwa amekaa hapa nilipokaa mimi, angeikata kwa meno."

Akakata. Kanga iliyovuka naye dhoruba ya Ukerewe ikawa vipande viwili, kimoja ubaoni, kimoja kiunoni mwa Najat. Mitumbwi ikayumba. Mnandi mmoja, ndege mweusi wa ziwani, alikuwa juu ya jiwe lake ameyatanua mabawa kuyaanika, wala hakujishughulisha nao.

"Haya," alisema Bi Sada akijifuta kwa mkono wa baibui. "Sasa nionyeshe hilo ganda la ndizi."

Mara ya pili Najat alishika ukingo kwa mikono tu. Jumbe akapiga mwendo ule ule, maji yakaanza kumpanda, Selina akapaza sauti, "Achia!" Najat akaachia. Akalala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vinachungulia juu ya maji, mikono ameitanua, na jaketi likafanya kazi liliyoshonewa. Hivyo ndivyo wale wa Jinja walivyowaandikia. Ukianguka usipigane na mto na usijaribu kusimama, miguu ikinaswa kwenye mawe mto utakulaza. Elekeza miguu mbele ili mawe uyapokee kwa nyayo, si kwa kichwa. Mitumbwi ikazunguka kwa mbali, Jumbe akazima injini, wakamsogelea kwa makasia. Selina akamshika mabega ya jaketi na kumvuta ndani kama gunia la mpunga la Magu. Akaangukia miguuni kwa mama yake, amelowa, anacheka kile kicheko chote.

Na Bi Sada naye akacheka. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba na Jumbe akamwomba apunguze.

"Mama Najat!" Paskazia aliita kutoka kwenye jiwe lake. "Zamu yako!"

"Labda nife kwanza!"

Usiku wa kuamkia safari Bi Sada alipinda ncha za vile vipande viwili vya kanga kwa cherehani, pindo jembamba la kupendeza. Asubuhi alikitia kimoja kwenye begi la Najat, juu kabisa.

"Hiki si cha kujifungia. Ni cha kichwani. Ukiingia majini nitumie neno, ukitoka nitumie neno. Na yule kiongozi akisema leo mto umejaa, msimbembeleze. Kaeni mle chapati, mrudi. Kurudi si aibu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nenda. Radhi yangu iko nawe, ya moyoni, si ya mdomoni." Akamsomea dua, akampulizia kichwani. Akampulizia na Selina, ambaye ni Mkatoliki, na Selina akaitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Begi likaondoka pale mlangoni.

Siku ya mto ujumbe uliingia mapema. *Mama, tunaingia majini. Helmeti ipo. Jaketi limebana, pumzi sina, kama ulivyoagiza.* Bi Sada alicheka, akaweka simu kando, akashika gauni la mteja. Baada ya muda alitazama, akaona ameshona mkono wa gauni mahali pa shingo. Akafumua. Akashona tena, akakuta ni pale pale shingoni. Paskazia alikuja kukaa naye, akamletea na uji, lakini uji ulipoa bakulini. Hofu yake sasa haikuwa ile ya zamani ya kutaka kukataza kitu. Ilikuwa ya mtu aliyeachwa nyuma.

Ghafla akasimama. Akafunika cherehani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Paskazia.

"Mtoto wangu yuko kwenye maji haya haya. Siwezi kukaa nchi kavu peke yangu."

Jumbe alikuwa anatoa maji mtumbwini alipomwona dada yake anashuka ufukweni, jaketi okozi juu ya dera la zamani, kipande cha kanga nyekundu kichwani kimekazwa barabara. Alidhani kuna msiba. "Jumbe," alisema Bi Sada, "nitie majini. Usiniulize kitu."

Jumbe hakuuliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimshika mkono mpaka maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, Bi Sada akipiga bismillahi kwa kila hatua na kumlaumu kwa ubaridi kana kwamba ziwa ni lake. Kisha akamlaza chali, kiganja chini ya mgongo wake. Alikuwa mgumu kama ubao. "Legea, dada. Jaketi linajua kazi yake." Kidogo kidogo akalegea. Masikio yakazama, ulimwengu ukanyamaza, na mbele ya macho yake ikabaki mbingu tu. Jumbe akaondoa kiganja bila kumwambia.

Maji yaliyowahi kutaka kumchukua yalikuwa yamembeba. Bi Sada, mama mtu mzima, alipiga kigelegele akiwa amelala chali ziwani. Paskazia, aliyekuwa amemfuata, akamjibu kutoka kwenye jiwe lake.

Ndipo simu ya Jumbe ikalia pale mtumbwini. Akaifikia, akaifungulia sauti, akamshikia karibu.

"Mjomba! Shikamoo! Simu ya Mama haipokelewi. Mwambie tumetoka! Tumetoka salama! Tulipinduka, Mjomba! Boti ilipinduka, ikageuka juu chini kabisa, watu wote chini yake! Mimi jaketi likaniibua kwa pembeni, nikalala chali, miguu mbele, nikaelea mpaka mtumbwi wa kuokoa ukanidaka! Selina naye! Ooh, Mjomba, raha!"

Bi Sada alifumba macho. Boti juu chini. Akauona ule ubao, na fundo juu ya fundo juu ya fundo. "Alhamdulillahi," alisema, kwanza kimya, halafu kwa sauti. "Alhamdulillahi, mwanangu!"

"Mama? Upo hapo? Mbona nasikia maji?"

Jumbe alikohoa. "Mama yako yumo ziwani."

"Kwenye mtumbwi?"

"Hapana. Ndani."

 Simu ikapasuka kwa makelele. "Ndani? Mama yangu? Nani kampa ruhusa? Mjomba, amevaa jaketi? Amelikaza? Vuta mabegani uone kama linapanda! Asiende mbali! Mama, hata kuniaga hukuniaga! Toka majini sasa hivi!"

"Unamsikia mwenzio?" Bi Sada alimwambia Paskazia, na kicheko kikamwingiza maji mdomoni. Akayatema.

"Mama! Nimesema toka!"

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Bi Sada. "Bado naelea."